Kokwa za Mstari wa Mwisho

Panya walilimaliza shamba la Agathe kabla udongo wa kupandia haujakauka kwenye jembe lake. Alipanda mlima wa Kigongo asubuhi, kanga kiunoni, moyo mweupe kama wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri, na alipofika juu akakuta vishimo. Kila alipopita, mahali alipofukia kokwa ya mchikichi palikuwa pamefukuliwa kwa ustadi, na kando ya kila kishimo palikuwa na vipande vya ganda jembamba, vimetafunwa pembeni. Kiini hakikuwepo hata kimoja. Walikuwa wameandaliwa meza, wakala, wakaenda zao bila hata kusema asante.

Agathe hakuwa mwanamke wa kulialia. Alikuwa mkamuaji wa mawese pale chini ufukweni, kusini kidogo ya mji wa Uvira, mwenye mikono minene na ulimi usiokaa na deni la jibu. Lakini asubuhi ile, kabla hajafika hata mstari wa mwisho, aliketi juu ya jiwe, akalia kidogo, kisha akajikasirikia kwa kulia, kisha akawakasirikia panya. Shamba lile lilikuwa ndilo pekee alilobakiwa nalo.

Zamani familia ya mumewe, Patient, ilikuwa na michikichi yake chini, karibu na maji. Kisha Ziwa Tanganyika likapanda. Mwaka wa kwanza watu walisema litarudi lenyewe. Likapanda tena, likaingia majikoni, likafika makaburini, na michikichi ikabaki imesimama majini mpaka ikafia palepale. Baba mkwe wake, mzee Ezéchiel, akawagawia wanawe vipande vya mlimani. Patient alipewa hiki chenye mawe na nyasi, na mdogo wake Gracien akapewa kile kilichopakana nacho upande wa kusini.

Familia ile ilikuwa na njia yake ya kufunga mambo ya ardhi. Mtu akipewa shamba, ndugu na majirani wanakuja, na kila mmoja anapanda mchikichi mmoja mpakani kwa mkono wake mwenyewe. Aliyepanda ameshuhudia. Hata wakija kugombana wakiwa wazee wasio na meno, hawezi tena kusimama mbele ya watu na kusema hapa si pako, kwa sababu mti aliopanda uko palepale, umesimama. Mzee Ezéchiel alifariki kabla siku hiyo haijapangwa, na Patient naye akamfuata, kwa homa iliyoanza Jumapili na haikungoja Jumapili nyingine.

Akabaki Gracien. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alikuwa mtu wa maneno matamu na macho ya haraka. Tangu ziwa lipande, kila aliyeogopa maji alitaka kiwanja mlimani, na Gracien alikuwa ameshawatembeza wanunuzi wawili watatu juu ya mawe ya marehemu kaka yake. Agathe alipomwomba aje apande mti wa mpaka, alisema mkono unamuuma. Akaombwa mara ya pili, mkono ulikuwa bado unauma. Mkono huohuo ulikuwa mzima kabisa kwenye sahani ya wali na samaki.

Siku ya kuondoa matanga, familia ilipokutana, Gracien alisema jambo lake kwa sauti ya upole: shamba bila miti ni pori, na pori ni la familia. Watu wakamgeukia Kankindi, mama wa Patient na Gracien, mkubwa wa nyumba ile sasa, bibi mkavu aliyeolewa kutoka Sange miaka mingi iliyopita na bado alikuwa akihesabu kwa Kirundi.

"Tumupe mpaka kiangazi ingine," alisema Kankindi. "Tukikuta miti yenye imeshika udongo, shamba ni yake na ya batoto ya Patient. Tukikuta majani tu, inarudia mu famille."

Hakumwangalia Agathe aliposema hivyo. Hawakuwa wakipendana sana, na wote wawili hawakuona sababu ya kuficha.

Basi Agathe alipopanda mwezi wa tisa, mvua zilipofungua, alipanda kwa akili yake yote. Alichagua ngazi mbichi, matunda ya mchikichi yasiyoonja maji ya moto, kwa sababu kokwa iliyochemshwa imekufa, hata mtoto anajua. Na kati ya hizo akachagua zile zenye nyama nyingi na ganda jembamba, ganda ambalo ukiliuma kwa gego linalia ká! na kiini kinatoka. Mti wa namna hiyo unatoa mafuta mpaka pipa linachoka. Ungemwuliza mkamuaji yeyote wa pwani ile apande nini, angekujibu hivyohivyo, na kila aliyepita njiani alimsifu. Zilipomwishia kabla ya kumaliza mstari wa mwisho, ule wa kusini mpakani na Gracien, alishuka akaokota kokwa zilizodondoka nyuma ya jiko la mama mkwe wake, chini ya mchikichi mmoja mzee ambao wanawake walikuwa wakiuita Kichwa Kigumu. Nyama yake ni kidogo, ganda ni nene, na jiwe la kupasulia linaruka kabla ya kokwa kupasuka. Alizipanda kwa kunung'unika, kuziba mapengo tu.

Baada ya panya kula, hakukubali. Alipanda tena. Safari hii alinyunyiza majivu, akazungushia miiba, akamwomba pasta awaombee panya waende shamba lingine lolote, isipokuwa la waumini. Wiki haikuisha. Majivu yalikuwa na alama za vidole vidogo kila upande, kama barabara ya soko la Sange siku ya mnada.

Hapo ndipo alipofika kwenye mstari wa mwisho, na mguu wake ukakanyaga kitu kigumu.

Akainama. Ilikuwa kokwa nzima, imelala juu ya udongo. Akaokota nyingine hatua moja mbele, nyingine tena chini ya nyasi. Zilikuwa zimefukuliwa kama zile nyingine zote, lakini zilikuwa nzima. Akaisugua moja kwa kidole gumba, akaona michirizi ya meno kuizunguka, mingi, ya kina, upande huu na upande ule. Panya alikaa hapa, akafanya kazi kweli, taya zikamuuma, akaiacha, akaenda kutafuta chakula kwenye mistari mingine. Agathe alisimama na kokwa ile mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu amzike Patient alijisikia mwenye nguvu.

Siku zile kulikuwa na agronome wa mradi mmoja wa kilimo, Jean-Berchmans, kijana mrefu wa Mulongwe aliyekuwa akipita na pikipiki kuangalia mashine za kukamulia. Alipofika kwenye banda la mawese la Agathe, mama huyo hakumpa hata nafasi ya kuvua kofia. Alimwekea mkononi kokwa yenye meno, na pembeni yake vipande vya zile nyembamba.

"Weye mwenye ulisoma, niambie. Shamba ni moja, panya ni moja. Juu ya nini amekula hizi, na hii ameacha?"

Jean-Berchmans aliigeuzageuza kokwa, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki.

"Mama Ornella," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake, "ulichagua mbegu kama mukamuaji. Panya naye alichagua kama panya."

"Usinichekeshe, niko na hasira."

"Sikia basi. Zamani, mbele bantu baje kulima huku, ngazi ilikuwa inaota yenyewe mu pori. Zingine ganda yao nyepesi, zingine nguvu kidogo. Panya akapita. Zenye ganda nyepesi akazikula. Zenye zilimushinda, njo ziliota, njo zilizaa, na batoto yao bakafanana nazo. Panya akarudia, akachagua tena. Na tena. Miaka yenye hatuwezi hata kuhesabu. Kila mara ganda inazidi nguvu. Hakuna mwenye alikaa akapanga ile mambo. Zenye zilikuliwa hazikuacha batoto, basi."

"Na panya? Alibakia tu anaangalia?"

"Hapana! Mwenye meno ya bule alikufa na njala, mwenye meno makali akabakia, akazaa benye meno makali. Ni vita ya zamani sana, na mpaka leo hakuna mwenye ameshinda. Angalia hii meno," akapitisha ukucha juu ya michirizi. "Kidogo tu angeingia."

Agathe alifikiri. Mafuta yalikuwa yanachemka nyuma yake na hakuyageukia.

"Sasa hizi nyepesi zilibakia namna gani? Zingekuwa zimekwisha zamani."

"Njo sisi. Bantu tulizipenda juu ya mafuta, tukazilinda. Lupango ya senyenge, mbwa, mulinzi, mitego. Ganda ya ile ngazi nyepesi ni sisi, mama. Ukiiacha yenyewe mu mulima, umeiacha bila nguo."

Neno hilo lilimkaa. Yeye hakuwa na mlinzi wala senyenge, na kulala peke yake mlimani siku hizi ni jambo ambalo hata wanaume walio na akili hawalifanyi. Alichohitaji ni mbegu inayoweza kuachwa peke yake.

"Iko neno lingine," akasema Jean-Berchmans akivaa kofia. "Ganda haitoke kwa baba. Muti mama njo unaitengeneza, kokwa zake zote zinafanana. Kwa hiyo usitafute kokwa nguvu mu soko. Tafuta muti yenye ilizaa hii, uchukue kwake. Lakini ujue, utapata mafuta kidogo."

"Mafuta kidogo ni mafuta. Shamba yenye haiko, haiko."

Akacheka yule kijana, akawasha pikipiki. Agathe hakucheka, kwa sababu mti uliozaa kokwa ile aliujua, na mwenye mti alimjua vizuri zaidi.

Miaka michache nyuma, Patient akiwa hai, Agathe ndiye aliyesema mbele ya watu kwamba Kichwa Kigumu kikatwe, kinakula mahali pa mti wa maana. Kankindi alikuwa ameuleta kutoka Sange akiwa bibi harusi, ukiwa kokwa, ndani ya kitambaa kimoja na chumvi. Siku ile alimsikia Agathe mpaka mwisho. Aliingia jikoni, akafunga mlango, na tangu hapo salamu zao zilikuwa fupi.

Agathe alimkuta akichambua maharage. Akapiga magoti kama inavyompasa mkwe, akasalimia, akangoja. Kankindi akachambua maharage yote kwanza. Alipomaliza, akayarudia.

"Mama, nimekuja kuomba ngazi ya ule muti yako."

"Muti gani?"

"Ule wa nyuma ya jiko."

"Ule uko na jina. Weye uliupa jina. Sema."

Uso wa Agathe ulichemka. Angeweza kuondoka, miguu ilikuwa tayari. Lakini aliiona ile mistari ya vishimo mlimani, akawaona watoto wake, akabaki amepiga magoti.

"Kichwa Kigumu, Mama."

"Njo hivyo," alisema Kankindi, na pembe ya mdomo wake ikatikisika. "Unataka ngapi?"

"Zote."

Bibi akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye magoti yenye vumbi. Kisha akasukuma ungo wa maharage pembeni.

"Ukipanda hivi hivi, kiangazi itakuja ingali inalala. Ganda kama hii, mutoto wa ndani anachelewa kuamka, mulango ni nguvu hata kwake mwenyewe. Kwetu ilikuwa inaota pahali moto ya pori ilipita. Inataka joto, haitaki moto. Na maji kidogo. Unasikia? Ukichemusha, umeua."

Hakuongeza neno la upole, wala Agathe hakulingoja. Alibeba mashuke yote mawili ya ngazi yaliyokuwa yameiva, akayaozesha nyama, akaziosha kokwa, akazifunga ndani ya gunia lenye unyevu, akaliweka nyuma ya tanuru lake la mawese, pale ambapo ukuta wa udongo hauachi kuwa vuguvugu. Kila asubuhi alitia mkono ndani ya gunia kuupima ukuta na kokwa pamoja. Ukizidi moto, alilisogeza. Ukipoa, aliongeza kuni, hata siku ambayo hakuwa na ngazi ya kukamua. Majirani walimwuliza anapika nini siku zote hizo. Aliwajibu kwamba anapika shamba, wakaona ujane umeanza kumpanda kichwani.

Krismasi ikapita. Januari ikapita bila kitu, na kulikuwa na asubuhi ambazo aliogopa kufungua lile gunia. Gracien alipita bandani akanusa, akauliza kama shemeji yake anahitaji msaada wa kuhama. Agathe akamwambia asogee, anaziba hewa ya tanuru.

Mwezi wa pili, kokwa ya kwanza ikafungua jicho. Katika yale matundu matatu madogo yaliyo kichwani mwake, moja lilikuwa limesukuma nje kidole cheupe. Agathe alipiga kelele mpaka wanawake wa bandani wakadhani ameungua. Katika siku zilizofuata zikaamka nyingine, na nyingine, si zote, lakini nyingi. Mvua za mwezi wa tatu zilipokaza, alizipandisha mlimani ndani ya beseni lililofunikwa majani ya ndizi, akazifukia mstari kwa mstari, kila moja akiizungushia kipande cha chandarua kibovu ili chipukizi lising'atwe. Mstari wa kusini, mpakani, aliupanda wa mwisho kama mara ya kwanza.

Panya walikuja. Walifukua huku na kule, wakakuta lile ganda, wakaguguna kidogo. Agathe alizikuta zile kokwa asubuhi, akazirudisha kwenye udongo moja baada ya nyingine, akazisemesha kwa maneno ambayo pasta asingeyapenda. Zilizokufa zilikufa. Zilizobaki zikatoa jani la kwanza, jembamba, limesimama wima, kisha la pili.

Kiangazi kikaingia, na familia ikapanda mlima. Walikuja shangazi Generose na mumewe, wajomba, majirani wa mpakani, na Gracien katika suruali iliyopigwa pasi. Kankindi alipanda kwa fimbo, akipumzika kila mahali penye jiwe. Agathe alitangulia akiwa na bidoni ya maji kichwani. Miti yake ilikuwa na majani manne, matano, na kimo chake hakikufika goti.

Watu walitembea kati ya mistari wakiinama kutazama. Gracien ndiye aliyecheka kwanza.

"Mama ulisema miti. Miye naona majani."

Alikuwa amesimama kwenye mstari wa kusini. Akainama, akashika mche mmoja kwa mikono miwili, akavuta. Haukutoka. Akavuta tena, akatia mgongo, na ukatoka na bonge la udongo, na chini yake, imeng'ang'ania kwenye mizizi, kokwa nyeusi yenye alama za meno.

"Muangalie!" akaunyanyua juu. "Muti gani ingali inabeba mbegu yake? Hii ni nyasi!"

Agathe hakufikiria shamba wakati ule, wala familia, wala maneno ya kujitetea aliyoyapanga njia nzima. Alifikiria kokwa ile, kwamba ilikaa nyuma ya tanuru lake tangu kabla ya Krismasi, kwamba panya waliifukua, naye akaifukia tena. Hasira ilimpanda mpaka macho yakaona giza.

"Irudishe."

"Nini?"

"Umeing'oa mbele ya bantu. Panya aliing'oa, nikanyamaza, ni munyama. Weye uko muntu. Irudishe mu shimo yake."

Gracien akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata. Kung'oa chakula cha mwenzako na kukitupa ni jambo linalomwaibisha hata mwizi. "Rudisha, Gracien," akasema shangazi Generose. "Rudisha tu tuendelee," akasema mjomba mmoja. Na yeye, akitaka yaishe, akapiga goti na suruali yake ya pasi, akauweka mche shimoni, akaurushia udongo kwa kiatu.

Mche ukaanguka upande.

"Na mukono," akasema Agathe. "Vizuri. Ishikilie isimame."

Akaushika kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akasukuma udongo, akaushindilia pande zote. Mche ukasimama. Alipoinua kichwa, watu wote walikuwa wamemzunguka, na shangazi Generose alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Walikuwa wakiitazama ile mikono yake, na mpaka uliokuwa chini ya magoti yake.

Kankindi alisogea taratibu mpaka pale. Akaugusa mche kwa ncha ya fimbo, ukayumba, ukarudi mahali pake. Akainama, akafukua kidogo pembeni mpaka akaiona kokwa, akaitambua, akaifunika tena.

"Gracien mutoto wangu," akasema, "mukono yako yenye ilikuwa inauma siku zote hizi, naona imepona."

Vicheko vilianzia kwa Generose, vikaenda mpaka kwa majirani. Mmoja wao akauliza wapi na yeye apande wake. Gracien alibaki amepiga magoti, viganja wazi, udongo umemjaa mpaka kwenye kucha. Mwishowe akaomba maji ya kunawa.

Agathe akateremsha bidoni kichwani, akafungua kifuniko.

"Nawia hapa hapa, shemeji," akasema, akaanza kumiminia. "Juu yake. Iko na kiu."

Na Gracien akanawa, taratibu, mpaka maji yote yakaingia kwenye udongo alioushindilia.